Kumtafuta na kumtambua boa wa mchangani bila kumgusa

Tuanze na jina, maana linachanganya. Ukisema "nyoka mchanga" watu wataelewa mtoto wa nyoka, na ukisema "chatu mdogo" wataanza kumtafuta mama yake. Mimi humwita boa wa mchangani; boa ni nyoka anayeua kwa kubana, kama chatu. Wanasayansi humwita Eryx colubrinus, na hilo colubrinus linatoka kwa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliyemwandika mwaka 1758 kutokana na nyoka wa Misri. Makazi yake ni maeneo makavu: Misri na Niger, Chad, Sudan, Eritrea, Ethiopia, Somalia, kaskazini na mashariki mwa Kenya, hadi kaskazini mwa Tanzania. Sumu hana, hata tone.

Hata hivyo huuawa kila siku, kwa kosa la kufanana na kifutu, nyoka mwenye sumu kali. Siwalaumu wanaomuua. Mtu ambaye watoto wake wanalala mkekani nje ya nyumba hawezi kuambiwa asubiri achunguze magamba. Ninachoweza kufanya ni kueleza jinsi ya kumjua kwa macho, ukiwa mbali, ili uamuzi upatikane haraka. Nimeandika nikiwa na nchi ya kaskazini mwa Kenya akilini. Na huu ni mwongozo wa kumwona, si wa kumkamata.

Hatua ya kwanza: isome ardhi

Wengi wakisikia "jangwa" huenda moja kwa moja kwenye matuta ya mchanga mtupu, au kwenye tambarare nyeupe kama ile ya Chalbi. Huko utachoka bure. Sakafu ya Chalbi ni chumvi na udongo uliokauka ukawa kama sahani, na nyoka anayechimba kwa pua hana la kufanya hapo. Anachotaka ni udongo wa kichanga unaolegea, wenye kichaka hapa na pale, mawe kadhaa, na panya.

Jaribio langu ni rahisi. Nachuchumaa, nachagua mahali pasipo na shimo, nakichomeka kijiti ardhini. Kikizama hadi nusu bila kulazimishwa, na udongo ukimwagika pembeni badala ya kupasuka mabonge, nabaki hapo. Kikigoma, nasonga mbele.

Mahali ninapoanzia karibu kila mara ni kando ya laga. Kwa msomaji asiyelijua neno hili, laga ni mto wa msimu: miezi mingi ni barabara ya mchanga tu, halafu siku moja unajaa maji kutokana na mvua iliyonyesha mbali, wewe ukiwa chini ya jua kali. Kwa hiyo usipige kambi katikati ya laga, hata mchanga wake ukikuvutia namna gani. Fanya kazi kingoni, pale mchanga wa mto unapokutana na mizizi ya mswaki, migunga na mikoma. Mizizi hiyo hushika udongo usiporomoke, panya huchimba chini yake, na boa hufuata panya. Ukiona matundu mengi yenye mavi mabichi ya panya na maganda ya mbegu yaliyotafunwa, hapo pana meza iliyoandaliwa.

Penye mathenge mengi, ile miti ya miiba, sipendi kutafuta. Huenda boa yupo, lakini miiba ya mathenge hupenya soli ya kiatu, na chini ya matawi huoni mguu unakanyaga nini.

Inafaa pia kufikiria nchi hii kwa upande wake yeye. Mchana wa jua kali uso wa mchanga wa jangwa unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kiumbe mdogo akilazwa juu yake hakawii kufa. Shuka shibiri moja tu, hali ni nyingine kabisa, na chini ya jiwe kubwa ni nafuu zaidi. Nyoka huyu basi hasafiri mbali kutafuta baridi. Anashuka. Kwake makazi yana urefu, upana na kina, na sisi tunaotembea juu tunaona paa tu.

Hatua ya pili: chagua saa

Mchana utamkosa, isipokuwa chini ya jiwe. Toka jua likizama, utembee saa mbili au tatu za mwanzo za usiku, wakati ardhi bado ina joto la mchana. Au toka alfajiri, si kumtafuta yeye bali alama zake. Kipindi kizuri ni baada ya mvua, iwe ya masika kati ya Machi na Mei au ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, maana wakati huo panya na mijusi huongezeka na kila mla nyama hutoka.

Angalia upepo pia. Ukanda wa Ziwa Turkana una upepo mkali unaoweza kuvuma usiku kucha na asubuhi. Usiku wa namna hiyo hufuta kila kitu, na mchanga wa asubuhi unakuwa ukurasa mtupu. Subiri usiku uliotulia.

Hatua ya tatu: jiandae

Buti za ngozi zinazopita kifundo cha mguu, suruali nene, kurunzi ya kichwani na nyingine ya akiba, fimbo ndefu yenye ndoano, maji mengi kuliko unavyodhani utahitaji, na mwenzako. Kabla ya kutoka, uliza ni hospitali gani iliyo karibu yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka kwa sasa, si mwaka jana. Uliza pia ni mahali gani njiani simu inashika mtandao. Kandambili ziache nyumbani.

Hatua ya nne: soma alama

Hapa ndipo penye utamu wote, na mtu anaweza kuridhika hapa bila kumwona nyoka mwenyewe.

Kifutu akitembea bila haraka huenda mnyoofu kama mtu anayesukuma gunia. Huacha mfereji mpana, usio na mawimbi, na mara nyingi mkia huchora kijistari chembamba katikati yake. Yule kipiri mdogo wa magamba ya msumeno, ambaye ni hatari sana, akipita penye mchanga laini hujirusha upande. Alama zake haziungani: ni mistari ya mshazari, mmoja baada ya mwingine, kama ngazi iliyolazwa chini. Ukiiona ngazi hiyo, tazama ulipokanyaga kabla ya kupiga hatua nyingine.

Boa huandika tofauti na wote wawili. Akiwa juu huacha mawimbi mafupi, manene, yanayoungana. Halafu mawimbi hayo huishia ghafla kwenye kijituta kidogo, kana kwamba nyoka amepaa. Hajapaa. Inama uangalie mbele ya kijituta: mara nyingi utaona mchanga umeinuka kidogo kama mshipa juu ya mkono wa mzee, ukaendelea hatua moja au mbili, kisha ukapotea. Hapo ndipo alipoongeza kina. Usichimbe. Ukichimba utamjeruhi, au utamkuta mwingine usiyemtarajia.

Nikiri kosa. Mwaka wangu wa kwanza nilifuata alama nzuri sana ya mawimbi kwa muda wa karibu nusu saa, nikiwaeleza wenzangu kila pinda. Iliishia kwa mbuzi, akiwa bado anaburuta kamba yake. Mzee mwenye mbuzi alinitazama nilivyochuchumaa na kurunzi mchana peupe, akaniambia, "Kijana wangu, nyoka huyo ana kwato." Tangu siku hiyo natafuta nyayo kando ya alama kwanza.

Hatua ya tano: kuinua jiwe

Kuna adabu yake. Simama upande mmoja wa jiwe, tia ndoano ya fimbo kwenye ukingo ulio mbali nawe, ulivute likuelekee. Hivyo uwazi unafunguka upande wa pili, na jiwe lenyewe linakuwa ngao kati ya miguu yako na aliye chini. Vidole visiingie chini ya jiwe hata kwa sekunde moja. Nge peke yake anatosha kukuharibia safari.

Usipoona kitu, au ukishaona ulichotaka, rudisha jiwe kwenye alama yake ileile, upande uleule ukiwa chini. Unyevu uliokuwa pale ulichukua muda mrefu kukusanyika. Jiwe likiachwa limegeuzwa ni nyumba iliyoezuliwa, na wakazi wake si boa pekee. Aliye chini akiwa bado yupo, mwache kwanza aondoke, kisha ulishushe polepole.

Hatua ya sita: mtambue, rangi ikiwa ya mwisho

Simama mita mbili au tatu. Kama una simu, vuta picha kwa kukuza badala ya kusogea. Halafu fuata mpangilio huu, kwa sababu macho yetu hukimbilia rangi, na rangi ndiyo inayodanganya.

Tazama shingo. Boa hana. Mwili wake ni kama mchi: unene unaanzia kichwani na kwenda hadi mkiani bila kubanwa popote. Kifutu ana kichwa kipana cha pembetatu kilichokaa juu ya shingo nyembamba, na kipiri naye kichwa chake kinajitenga wazi na mwili.

Tazama pua. Ya boa ni kama sepetu, imechongoka na kukaa mbele ya mdomo. Taya la chini limerudi ndani, ndiyo maana anaweza kulima mchangani bila kuula. Macho ni madogo, kama vichwa vya pini, yamewekwa juu karibu na utosi ili yachungulie mwili ukiwa umezikwa. Mboni imesimama wima. Na hapa niseme jambo: kuna watu wanaofundishwa kwamba mboni ya wima ni dalili ya sumu. Si kweli. Boa anayo na hana sumu. Koboko ana mboni ya duara, na sote tunamjua koboko. Anayekufundisha kanuni hiyo anakuandalia msiba.

Tazama mkia. Ni mfupi mno, unakatika ghafla na kuwa kijipia. Magamba ya mbele ya mwili ni laini, lakini kadiri unavyokaribia mkia yanakuwa na matuta, na mkiani penyewe yanakwaruza kama tupa.

Sasa ndiyo rangi. Wa Kenya mara nyingi ni wa njano iliyoiva au rangi ya chungwa, mwenye mabaka ya kahawia nzito yasiyo na mpangilio, mengine yameungana. Tumbo ni jeupe au la rangi ya maziwa, bila madoa. Katika nchi nyingine yupo aliyepauka zaidi. Kifutu ana alama kama herufi V mgongoni, ncha zikielekea mkiani, na magamba yake hukwaruza mwili mzima. Akighadhibika hujijaza hewa na kufoka hadi utamsikia kabla hujamwona. Kipiri hujikunja mikunjo ya nusu duara na kuisugua mmoja dhidi ya mwingine. Sauti yake ni ya kitu kinachokaangwa kwenye mafuta. Boa hana kelele hizo.

Ukubwa nao unasaidia kidogo. Jike mzima huwa kama sentimita 60, wachache wakikaribia 90. Dume ni mdogo na mwembamba, ni nadra apite 45. Kwa hiyo ukiwakuta wawili wa ukubwa tofauti mahali pamoja si lazima wawe mama na mtoto.

Kuna mmoja anayebaki, na ndiye sababu nakataa watu kushika nyoka yeyote anayetoka ardhini. Ni wa jenasi Atractaspis. Ni mweusi au kahawia nzito, anang'aa, hana mabaka, kichwa kidogo, na ncha ya mkia ina kijimwiba. Meno yake ya sumu hutoka pembeni mdomo ukiwa umefungwa. Hata ukimbana nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya watu wa maonyesho, atakuchoma tu. Nyoka wa udongoni asiye na mabaka, rudi nyuma.

Hatua ya saba: tulia umtazame

Elekeza kurunzi pembeni yake, si usoni. Asiposumbuliwa ataendelea na shughuli zake, na shughuli kubwa ni kungoja. Amejizika, macho na matundu ya pua yakiwa sawa na uso wa mchanga, na unaweza kuutazama mchanga huo dakika kumi bila kujua. Panya au mjusi akikatiza, kichwa hutoka kwa ubavu, ghafla, kisha mikunjo ya mwili humzunguka na kumbana hadi damu isimame. Baada ya mlo mkubwa anaweza kukaa siku nyingi bila kula.

Kinachonifurahisha zaidi ni kuzama kwake. Huinamisha pua, hutikisa kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa chai ya pili, na mchanga humfunika mabega (kama angekuwa na mabega), kisha mgongo, kipande kwa kipande. Kile kijipia cha mkia hubaki nje kidogo, kama kalamu iliyosahauliwa, halafu nacho huvutwa ndani. Sekunde chache tu, na mchanga hausemi kitu.

Ukibahatika kuona madume wakimfuata jike, jua ni msimu wa kupandana. Dume ana vikucha viwili kando ya tundu la haja, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake, ambavyo huvitumia kumkuna jike. Jike hatagi, hubeba mimba kwa takriban miezi minne na kuzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 4 na 20, kila mmoja kama sentimita 20, wakiwa tayari kujizika wenyewe. Ndugu yake wa Uarabuni, Eryx jayakari, hutaga mayai. Ukoo ni mmoja lakini kila nyumba na mambo yake.

Akiingia bomani au nyumbani

Ondoa watoto na mbuzi, weka mtu mmoja mzima amwangalie kwa mbali asipotee machoni, na umtambue kwa mpangilio uleule. Ukiwa na shaka hata chembe, mchukulie kuwa mwenye sumu na uwaite maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukiwa na hakika ni boa, njia bora ni kumwachia mlango wazi na giza. Atatoka usiku kama alivyoingia. Ikibidi aondoke sasa, laza debe kwa ubavu mbele yake na umsukume taratibu kwa ufagio wa mpini mrefu, kisha umwachie kichakani karibu, si kilomita kumi mbali asikokujua.

Aliletwa na panya, na panya waliletwa na nafaka. Magunia yainuliwe, makombo yafagiwe, mawe yaliyorundikwa ukutani yahamishwe. Anayeweza kulala juu ya kitanda, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro, afanye hivyo, maana anayekuja kesho huenda si boa.

Usimweke kwenye ndoo kama kipenzi wala usimuuze. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha kufuga au kuuza mnyama wa porini, na Tanzania ina utaratibu wake wa vibali. Boa huyu pia yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kibiashara bila hati ni kosa. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humzalisha wenyewe kwa wingi, hivyo hakuna sababu ya kumng'oa wa laga.

Mtu akiumwa

Boa aliyeshikwa huuma, kwa kukwepesha kichwa ubavuni kwa kasi, na huacha mikwaruzo inayotoa damu. Osha kwa sabuni na maji, ukaulizie chanjo ya pepopunda. Lakini hayo ni kwa mwenye hakika. Kama hakuna aliyemtambua nyoka, chukulia kuwa ana sumu: vua pete, bangili na shanga za mkononi au mguuni kabla uvimbe haujaanza, tuliza kiungo kisitikisike kwa kukifunga na ubao kama mfupa uliovunjika, na mpeleke hospitali mara moja akiwa amebebwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Sumu ya kipiri huzuia damu kuganda, kwa hiyo kila chale ni bomba jipya. Nyoka usimfukuze ili umpeleke kwa daktari. Picha inatosha, na hata bila picha daktari atatibu kwa dalili.

Kabla ya kuondoka

Piga picha tatu: kichwa kutoka juu, ubavu mzima, na mkia. Ukitaka kuonyesha ukubwa, ngoja aondoke, kisha weka kalamu kando ya alama yake na upige tena. Andika tarehe, saa, aina ya udongo na mti ulio karibu. Mahali penyewe kamili mwambie mtafiti au ofisa wa wanyamapori, usipatangaze mitandaoni, kwa sababu wanaonunua nyoka nao husoma.